Kliniki ya macho iliyoniambia ukweli kuhusu ugonjwa wa Thygeson: nyota 4

Mimi nashona nguo Kisenyi hapa Kampala, macho yakigoma sina kazi. Mwaka juzi yote mawili yalianza kukwaruza kama yameingia mchanga, machozi yanatiririka, taa ya cherehani siwezi hata kuiangalia, na ukinitazama hayana wekundu kabisa mpaka nyumbani wakadhani nakwepa kazi. Kliniki ya kwanza nikapewa matone ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, siku tatu tu natunga uzi bila shida, wakasema umepona mama acha dawa. Nikaacha. Mwezi haukuisha yamerudi vilevile, basi nikawa najinunulia kichupa mwenyewe dukani kila yakianza, hakuna anayeuliza cheti.

Hapa ninapokwenda sasa daktari alinikalisha kwenye ile mashine ya kuweka kidevu, akadondosha rangi ya njano, akawasha taa ya bluu, akapiga picha akanionyesha kwenye simu: vidoa vidogo vidogo katikati ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kama unga umenyunyizwa kwenye kitambaa. Ugonjwa ni adimu, unaitwa Thygeson kwa jina la daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka 1950, na chanzo chake mpaka leo hakijulikani. Akaniambia kabla sijauliza, mama, huu utatulia na utarudi, unaweza kukusumbua miaka, ila kwa kawaida hauachi kovu. Nililia pale pale, lakini ningeambiwa hivyo mapema nisingehangaika na vichupa vya dukani.

Akanipa steroidi nyepesi, fluorometholoni, ratiba kaandika kwa mkono, mara nne kwa siku halafu tatu halafu mbili halafu moja, usikate ghafla. Na kila nikienda wanapima presha ya jicho kwanza, maana steroidi ukizitumia muda mrefu zinaweza kuleta glaukoma, yaani presha ya jicho inayoharibu mshipa wa kuonea, na mtoto wa jicho, muuza duka hakunigusia hilo hata siku moja!! Mwezi wa tano yakarudi kweli, nikapiga simu wakasema njoo leo leo, na hawakunilaumu.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya foleni, fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, na vichupa vyote mlivyowahi kutumia mje navyo, atataka kuviona.