Majani ya chai ya kupima kutoka Katumba: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Februari nilikwenda msibani Mwakaleli, huku kwetu mkoani Mbeya, na wakati wa kurudi gari letu lilisimama Katumba kupakia ndizi. Nikashuka kununua maji. Mlangoni mwa duka kulikuwa na gunia la majani ya chai, mdomo wazi, kikombe cha bati kimechomekwa juu yake. Nikapimiwa nusu kilo kwa shilingi 5,000. Tangu siku hiyo sijanunua tena majani ya pakiti.

Jambo la kwanza lililonivutia ni punje zenyewe. Ni nyeusi zinazoelekea kahawia, ngumu, za mviringo, na ukizisugua kiganjani hazigeuki unga. Ukimimina chai kwenye kikombe cheupe unaona wekundu uliokolea, na ukingoni kabisa, pale chai inapogusa kikombe, panatokea mduara wa rangi ya dhahabu. Pakiti niliyozoea ilikuwa inatoa weusi tu, rangi bila harufu.

Nina sababu ya kuijali chai hii. Mama yangu alikuwa na shamba dogo la chai hukohuko Mwakaleli, na sisi watoto tulichuma naye. Sheria ilikuwa moja: majani mawili na kichipukizi chake. Majani yaliyokomaa yakionekana kikapuni, unaambiwa kwenye mizani uyachambue upya, na jua linakuwakia. Halafu kilo 1 ya majani makavu hula kilo 4 na zaidi za majani mabichi. Kwa hiyo kila nikifungua ile nusu kilo naiona kazi ya mikono iliyomo. Kiwandani majani hunyaushwa, husagwa na kukatwakatwa, kisha huachwa yapigwe na hewa mpaka yabadilike rangi, kama ndizi iliyomenywa inavyogeuka. Ndipo hukaushwa kwa hewa ya moto. Weusi na ladha ya chai vinatoka hapo.

Namna ya kuipika ndiyo iliyonichukua muda. Nyumbani tulizoea kutupia majani kwenye sufuria na kuyatokosa mpaka tushibe kungoja. Majani haya ukiyafanyia hivyo yanatoa ukakasi unaokausha ulimi. Sasa nachemsha maji peke yake. Mimi nakaa Uyole, jijini Mbeya, na kwa mwinuko wetu huu maji huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo siyaachi yapoe hata kidogo. Nasuuza birika kwa maji ya moto, natia kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kila kikombe, namimina maji yakiwa bado yanatokota, nafunika dakika 4, nachuja. Kwa chai ya rangi na magimbi ya kuchemsha, asubuhi ya baridi ya Juni, sitaki kitu kingine mezani. Ya maziwa nayo inatoka vizuri: maziwa na maji nusu kwa nusu, tangawizi iliyopondwa, majani natia mwishoni kabisa. Haizamishwi na maziwa.

Kasoro ipo, na ilinikera. Nusu kilo ya pili, niliyoichukua Machi kwenye duka lilelile, ilinuka sabuni. Nilidhani ni kikombe changu, nikaosha, nikapika tena: sabuni. Majani ya chai hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu. Nilipopita tena nilimwambia mwenye duka, "Shikamoo mama. Yale majani ya safari ile yalinuka sabuni." Akajibu, "Marahaba. Pole mwanangu, gunia lilikaa chini ya rafu ya sabuni, nami sikuangalia." Akafungua gunia jingine, akanipa punje kiganjani ninuse kwanza, akanipimia nusu kilo bila kudai pesa. Nilimshukuru, lakini ningependa majani yauzwe kwenye mifuko inayofungwa vizuri, na iandikwe tarehe yalipotoka kiwandani. Mkulima hachumi kwa uangalifu wote ule ili chai ije iharibikie dukani.

Kwa hiyo ukinunua ya kupima, nusa kabla hujalipa. Ukifika nyumbani itie kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, mbali na viungo na jiko. Yangu iliyopo sasa ina wiki ya tano kwenye kopo na bado inanukia nikifungua. Jirani ameshaniagiza kilo 2 safari ijayo.