Kumano Kodo: Nakahechi au Kohechi?

Njia hizi mbili za Kumano Kodo, mtandao wa njia za mahujaji wa Japani, hukutana Kumano Hongu Taisha, hekalu la Shinto. Zote zimo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2004. Kinachozitenganisha ni miguu yako.

Nakahechi, kuanzia Takijiri-oji, ni kilomita 38 hivi: siku mbili, unalala Chikatsuyu. Kila mita 500 kuna nguzo yenye namba. Ukiteguka mguu unataja namba, waokoaji wanajua ulipo. Begi kubwa hutangulizwa kwa gari. Mgeni wa milima aanzie hapa.

Kohechi ni habari nyingine. Kutoka Koyasan, mji wa mahekalu ya Kibuddha mlimani, ni kilomita 70 hivi, siku nne, ukivuka mapito ya milimani ya Obako, Miura na Hatenashi, yote yenye kimo cha zaidi ya mita 1,000. Nyumba za wageni ni chache mno: ukikosa nafasi Omata au Miuraguchi, ratiba yote imevunjika, kwa hiyo lipia malazi kabla ya ndege. Beba yen taslimu. Majira ya baridi theluji huziba njia. Kinachomaliza magoti ni mteremko wa Hatenashi: mawe yaliyoota ukoga, mvua ikinyesha, huteleza kama sabuni. Fimbo mbili si mapambo.