PostgreSQL 12.2 na lile tundu la usalama la DEPENDS ON EXTENSION: limezibwa vizuri, ila fagio halijapita

Kwa mnaokutana bado na PostgreSQL (programu ya kuhifadhi data) za zamani huko kwa wateja (na zipo nyingi tu, watu hawasemi), haya marekebisho ya CVE-2020-1720 (ndiyo namba rasmi ya hilo tundu) ya 13 Februari 2020 wengi waliyapita juu juu, mi naona yanastahili kuangaliwa vizuri.

Ishu ilikuwa hivi. Kuna amri ya ALTER ... DEPENDS ON EXTENSION, ipo toka toleo la 9.6, kazi yake kufunga kitu kama fankisheni, triga (kodi inayojiendesha yenyewe data ikiguswa) au indeksi kwenye ekstensheni (kifurushi cha nyongeza) fulani, ekstensheni ikifutwa na chenyewe kinaenda nayo. Sasa amri yenyewe ilikuwa haiulizi we nani! Yuza wa kawaida anafunga fankisheni ya mtu mwingine anakaa zake kimya, siku admini anapiga DROP EXTENSION kwa shughuli zake nyingine kabisa, fankisheni imekwenda. Tena utegemezi wa kawaida DROP ingegoma mpaka uweke CASCADE (yaani futa na vyote vinavyotegemea), huu wa aina hii haugomi, unafuta kimyakimya, yaani ni sawa na mpangaji mwenzio aandikishe kwamba siku duka la chini likihama na chumba chako kibomolewe.

Kuanzia toleo la 12.2 (na 11.7, 10.12, 9.6.17) inacheki kwanza kama hicho kitu ni chako, kama siyo unakataliwa hapo hapo. Nilichopenda ni kwamba upande wa ekstensheni hawakuweka cheki yoyote, na kwenye kodi wameeleza sababu: mwenye mali akiamua mwenyewe mali yake ife na ekstensheni ya mtu, shauri yake. Sawa kabisa, cheki zisizo na kazi zinasumbua tu watu.

Kuapdeti nako rahisi, unabadilisha pakeji, unaristati, hakuna kudampu data.

Marekebisho haya nayapa nyota nne, siyo tano, kwa sababu vilivyofungwa kabla ya apdeti havijaguswa. Kama kuna mtu alishapita humo rekodi bado iko kwenye pg_depend (jedwali la ndani la nani anategemea nini), tafuteni zenye deptype (aina ya utegemezi) 'x'. Na ukiikuta kwenye 12 hakuna amri ya kuifungua, NO DEPENDS ON EXTENSION imekuja na 13, kwa hiyo kwenye matoleo ya chini inabidi ufute kitu chenyewe ukiunde upya, na kama ni fankisheni inayotegemewa na triga kibao utajua hujui.