Kusafisha mashine ya kukamua miwa: klorini au maji ya moto?
Ule ute unaoshika rola za mashine za miwa hapa Malindi ni dekstrani, kazi ya bakteria Leuconostoc wanaokula sukari. Klorini ni rahisi na haihitaji mkaa, lakini ikikuta makapi na sukari nguvu yake huishia hapo hapo, bakteria wamesalimika. Basi lazima usugue kwanza, uitie, kisha usuuze vizuri, maana pia hula chuma. (Kuichanganya na ndimu ni hatari: hutoa gesi ya sumu.) Maji yanayochemka hayaachi harufu, ila ukiyamwaga kidogo kidogo juu ya chuma baridi hupoa upesi. Mimi ningetumia maji ya moto mchana, klorini jioni baada ya kufunga.