Uzoefu wangu: nilikataliwa chemba ya oksijeni, na bado nawapa nyota 5

Wengi wanaoandika kuhusu tiba ya oksijeni ya shinikizo, yaani kuvuta oksijeni ndani ya chemba iliyoongezwa shinikizo la hewa, wanasimulia walivyopona. Mimi chemba yenyewe ya hospitali niliishia kuitazama kwa nje, na nimekuja kuwasifu walionizuia.

Nina kisukari, mwaka wa 11 sasa. Kidonda kilinitoka chini ya wayo, usawa wa kidole gumba, kikakaa miezi minne hakifungi. Maumivu hayakuwapo, kwa hiyo nikakizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Ndugu zangu ndio waliohangaika, mmoja akaniletea habari za oksijeni.

Mahali pa kwanza nilipokwenda palikuwa pazuri mno kwa macho. Muziki laini, taa za buluu, na mfuko mkubwa wa turubai wenye zipu unaojazwa upepo mpaka unakuwa kama boti ya mpira. Fomu yao ilitaka jina, namba ya simu na namna ya kulipa. Nilipouliza kama kisukari si tatizo, kijana wa mapokezi akacheka: "Mzee, hii ni hewa tu, haina madhara." Nikalipia vipindi kumi kwa mkupuo.

Niliingia mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na mafua, na hakuna aliyeuliza. Shinikizo lilipopanda sikio la kushoto likaanza kuuma kana kwamba mtu ananichoma sindano. Nikagonga, nikaambiwa nimeze mate. Mwenye mafua mirija inayosawazisha hewa ya masikio imevimba, unaweza kumeza mate mpaka ukauke koo na isifunguke. Sikio lilikaa limeziba siku tatu. Baadaye nikaja kujua kwamba mifuko ile hufika shinikizo la kama mara 1.3 tu ya hewa ya kawaida, wakati kidonda cha aina yangu hutibiwa kwenye chemba ngumu, kwa shinikizo la mara 2 hadi 2.5, mgonjwa akivuta oksijeni tupu kwa dakika 90 au zaidi. Yaani nililipa, nikaumia sikio, na tiba yenyewe sikuipata.

Mahali pa pili ni kitengo cha hospitali. Hapo nilikaa kwenye kiti saa nzima nikijibu maswali, na mengine niliona ni ya ajabu. Je, nimewahi kutibiwa saratani kwa bleomycin? Kuna dawa ya kuacha pombe, disulfiram, nimewahi kuimeza? Nikamwambia daktari mimi hata pombe sijui inafananaje. Akanieleza bila haraka: bleomycin inaweza kuharibu mapafu, na oksijeni nyingi ikaongeza madhara hayo, disulfiram nayo inapunguza kinga ya mwili dhidi ya sumu ya oksijeni. Mimi nilidhani oksijeni haina sumu. Kumbe ikizidi kwa shinikizo inaweza kuleta degedege, ndiyo maana wanauliza habari za kifafa, wanakataa mtu mwenye homa kali mpaka ishuke, na katikati ya kipindi wanakupumzisha dakika chache uvute hewa ya kawaida.

Kuhusu sukari alikuwa mkali kuliko yote. Ndani ya chemba sukari hushuka, kwa hiyo hupimwa kabla ya kila kipindi, na ikiwa chini huingii mpaka ule. Pampu ya insulini inavuliwa nje. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo lazima aina yake ijulikane, kwamba mtengenezaji amethibitisha inahimili shinikizo. Moyo uliochoka nao ni mgogoro, kwa sababu oksijeni nyingi hubana mishipa ya damu, moyo ukasukuma kwa taabu na maji yakajaa mapafuni. Mama mmoja aliyekuwa foleni na mimi alirudishwa kwa sababu ya ujauzito. Aliambiwa kwa tatizo lake inafaa kusubiri, lakini angekuwa amevuta sumu ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la mkaa, wangemwingiza siku hiyohiyo.

Ndipo tukafika kwenye mapafu. Nilivuta sigara miaka ishirini kabla ya kuacha. Akaagiza eksirei, haikumridhisha, akaagiza picha ya CT. Kwenye ncha ya pafu la kulia kulikuwa na kifuko cha hewa, kama puto dogo. Sikuwahi kukihisi hata siku moja.

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike haya. "Mzee wangu, kwenda chini si tatizo," alisema, kana kwamba tunakwenda kuzamia baharini, na kweli shinikizo la 2.4 ni sawa na kuwa mita 14 chini ya maji. Tatizo ni kurudi juu. Hewa iliyoingia kwenye kile kifuko chini ya shinikizo hilo, likiondolewa, inataka nafasi mara 2.4. Hewa ya sehemu nyingine za pafu inatoka kwa pumzi. Hiyo iliyonaswa haina mlango. Kifuko kikipasuka, hewa inavuja kifuani na pafu linasinyaa. Na wewe umefungiwa peke yako ndani ya chemba ambayo haifunguki mpaka shinikizo lishushwe, huku kulishusha ndiko kunakozidisha balaa. Mtu ambaye tayari ana hewa iliyovuja kifuani na hajatibiwa, huyo haingii, hakuna mjadala. Kwa wa aina yangu wanapima faida na hatari. Ningekuwa mzamiaji aliyepata ugonjwa wa mgandamizo, yaani viputo vya gesi mwilini kwa kupanda juu haraka, hesabu ingekuwa nyingine. Kwa kidonda ambacho bado kina njia nyingine, alisema hapana.

Siwezi kusema kila kitu kwao kilikuwa sawa. Nilipopiga simu kuuliza maandalizi niliambiwa tu nije na nguo za pamba tupu, nisipake mafuta wala manukato, nisibebe simu, kwa ajili ya hatari ya moto. Hilo ni la maana: mwaka 2025 huko Michigan, Marekani, mtoto wa miaka 5 alifariki chemba ilipolipuka naye ndani. Lakini neno moja tu, "kama ulikuwa mvutaji njoo na picha za mapafu", lingeniokolea safari mbili. Na kipeperushi chao kimeweka faida mbele kwa herufi kubwa, wasiofaa wakawekwa nyuma kwa herufi za kusoma kwa tochi. Hapo wajirekebishe.

Baada ya kunikataa hawakuniacha njiani. Walipima damu inavyofika mguuni, wakakata nyama iliyokufa, wakanivalisha kiatu kigumu kama plasta ili nisikanyagie kidonda. Kile kiatu ni adhabu, kinachelewesha mtu kila anapokwenda, lakini kidonda kilifunga wiki ya tisa. Nikajiuliza miezi minne yote nilikuwa nakikanyaga nikitegemea nini.

Pijama za pamba nilizonunua kwa ajili ya chemba nalalia. Wale wa muziki laini nao niliwadai pesa za vipindi vinane vilivyobaki. Wakasema hazirudishwi, ila naweza kumpa ndugu au rafiki avitumie. Mpaka leo sijapata ndugu ninayemchukia kiasi hicho.