Sosholojia ya Elimu mwaka wa kwanza: naipa nyota nne, na hii ndo sababu

Kila msimu wa udahili ukifika wadogo zangu wanaoenda kusoma Ualimu wananiuliza lile lile, dada hiyo Sosholojia ya Elimu ikoje, inasapisha watu (yaani wanafeli na kurudia mtihani) au ni ya kudesa tu, kukariri madesa wiki ya mwisho kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Sasa naandika kwa kirefu ili akija mwingine namtumia linki. Niliisoma mwaka wa kwanza, nikaenda nayo mazoezi ya kufundisha, na sasa hivi niko kazini shule ya kata, kwa hiyo naiongelea kama mtu anayeitumia, sio mtu aliyeipasi akasahau. Chuo sikitaji, na nikilinganisha na wenzangu waliosoma vyuo vingine naona mada ni zile zile, waandishi wale wale, hata mpangilio unafanana.

Nyota nne kati ya tano. Nne kwa sababu ni kozi iliyonifanya niione shule kama kitu kilichopangwa na watu, kina historia, na kuna wanaofaidika nacho kuliko wengine, wakati kozi zingine zote zilikuwa zinanifundisha namna ya kuendesha somo tu. Moja nimeikata kwa sababu ya mpangilio, yaani mambo ya kwetu yanakuja mwisho kabisa, watu washachoka na akili iko kwenye mtihani.

Mihadhara ya mwanzo ni mizito kuimeza, niseme ukweli. Ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, kipaza sauti kinakatakata, na mhadhiri yuko kwenye maana ya jamii, maana ya elimu, maana ya sosholojia kwa mujibu wa fulani na kwa mujibu wa fulani. Alafu anaingia Durkheim. Durkheim mwenyewe hana shida kabisa, huyu ni Mfaransa aliyeanza kufundisha walimu kule Bordeaux mwaka 1887, nchi yake ilishapigwa vita na Ujerumani, na serikali ilikuwa inajenga shule za umma zisizo chini ya kanisa, kwa hiyo swali lake lilikuwa la moto: kama padri hayupo darasani, mtoto atafundishwa maadili na nani, na atajuaje kwamba yeye na mtoto wa mkoa wa mbali ni watu wa taifa moja? Ukielezwa hivo unakumbuka mstarini asubuhi, wimbo wa taifa, bendera, sare, mchakamchaka, na unaelewa kabisa jamaa alikuwa anaongelea nini. Ila kwenye kitini chetu kapangwa kama orodha ya kazi za elimu, moja mpaka nne, ukariri, na jaribio la kwanza likaja na "taja na ueleze". Hapo watu wengi ndo wanapoamua kwamba hii ni kozi ya kudesa, na wanabaki hivo mpaka mwisho, inaniuma sana maana utamu wote uko mbele.

Kozi inachangamka ikifika kwa Bowles na Gintis, Wamarekani wawili wachumi waliotoa kitabu chao mwaka 1976. Hoja yao ni kwamba shule inafanana na kiwanda kwa makusudi, kengele, amri kutoka juu, kufanya kazi usiyoichagua kwa ajili ya malipo ya nje ambayo huku ni maksi na kule ni mshahara, na kwamba watoto wa tabaka la chini wanazoezwa kutii wakati watoto wa wakubwa wanazoezwa kuamua. Kwenye semina TA wetu, yaani mkufunzi msaidizi, hakusoma slaidi hata moja. Aliuliza tu, nani hapa aliwahi kuwahi namba? Karibu ukumbi mzima mikono juu. Kwa wasiojua, unafika shuleni asubuhi na giza lake, unapewa namba kwenye foleni, ukichelewa huna namba au namba yako ni ya mbali, na hao wa mwisho ndo wanachapwa au wanaenda kuchota maji. Akauliza tena, mliokuwa kwenye shule za kulipia za Kiingereza, namba mliwahi? Hakuna mkono hata mmoja, wao walikuwa wanafuatwa na basi mlangoni. Akasema haya, sasa tuendelee na Bowles na Gintis. Hiyo nadharia sijawahi kuikariri na sijawahi kuisahau.

Mtaala fiche nao unafundishwa vizuri, yaani vile vitu ambavyo shule inakufundisha bila kuandikwa kwenye silabasi yoyote. Mfano uliotutesa darasani ni kile kibao anachovishwa shingoni mtoto aliyekamatwa anaongea Kiswahili, anatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Hakuna kipindi chenye jina hilo kwenye ratiba, lakini mtoto anajifunza kwamba lugha anayoongea na mama yake ni kosa, na anajifunza kumchoma mwenzake ili yeye apone.

Kuna na ule utafiti wa Rosenthal na Jacobson wa mwaka 1968, shule moja ya msingi California. Walimu waliambiwa watoto fulani wataonyesha maendeleo makubwa mwaka huo, kumbe majina yamechaguliwa kwa bahati nasibu tu, na mwisho wa mwaka baadhi ya hao watoto hasa wa madarasa ya chini kabisa wakaonekana wamepanda kuliko wenzao. Nampongeza mhadhiri hapa kwa sababu alitwambia pia kwamba utafiti huo umebishaniwa sana, namna walivyopima akili za wale wadogo ilikosolewa, na waliojaribu kuurudia hawakupata matokeo makubwa vile. Watu wengi wanaufundisha kama msahafu. Ila kwa mtu aliyesoma shule yenye mkondo A mpaka D, A wakiwa ndo wenye mwalimu wa hesabu anayeingia kila kipindi na D wakiwa wanaitwa "wale", hoja yenyewe haihitaji California.

Sasa kitu ambacho peke yake kinatosha kukufanya uhudhurie semina zote. Tulipewa kazi ya ukurasa mmoja: waandike wanafunzi wenzako uliomaliza nao darasa la saba unaowakumbuka, andika wazazi wao walikuwa wanafanya nini, andika wako wapi leo. Basi. Hakuna kunukuu mtu. Binti mmoja kwenye kundi letu alitokea kijijini kusini huko, akachora jedwali ubaoni, safu ya kwanza jina la kwanza tu, ya pili kazi ya nyumbani, ya tatu yuko wapi. Alipofika kwa mtoto aliyekuwa anashika namba moja miaka yote akaandika "mama: anauza uji", alafu safu ya mwisho "Dar, kazi za ndani". Mtoto wa mratibu elimu kata ambaye darasani alikuwa wa katikati tu yuko chuo cha uhasibu. TA akamwambia futa safu ya katikati. Akafuta. Akauliza, bila ile safu ungeelezaje hii? Tukasema bidii, tukasema makundi mabaya, tukasema bahati, na kila tulichosema binti alikuwa anakikataa kwa mtu na jina lake. Ndo wakati huo tukaletewa ripoti ya Coleman, Marekani 1966, watoto karibu laki sita wa shule elfu nne hivi, wengi walitegemea itaonyesha kwamba tatizo ni majengo na vifaa vya shule za watu weusi, ikaonyesha kwamba hali ya nyumbani inaeleza tofauti za matokeo kuliko vifaa vya shule. Tukaletewa na Bourdieu, mwanasosholojia wa Kifaransa, na hoja yake ya mtaji wa utamaduni, kwamba kuna watoto wanafika shuleni tayari wanajua namna ya kuongea, vitabu wamevizoea, wanajua mwalimu anataka jibu gani, na shule inawapa maksi kwa vitu ambavyo yenyewe haikuwafundisha, alafu inaviita kipaji. Mtu akiipata kwa mpangilio huo, jedwali kwanza Bourdieu baadaye, hawezi kuichanganya kwenye mtihani.

Na Bourdieu kwetu ana nguvu zaidi ya huko kwao, nadhani. Mtoto wa Kitanzania anasoma miaka saba kwa Kiswahili shule ya serikali, anafika kidato cha kwanza anapewa wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza, alafu Baiolojia yote, Fizikia yote, karibu kila kitu Kiingereza. Aliyetoka shule ya kulipia anaendelea tu alipoishia. Mtihani wa kidato cha nne ni mmoja. Nafundisha hao watoto sasa, namuona anayejua kabisa jibu, ukimuuliza koridoni anakueleza vizuri mzunguko wa damu kwa Kiswahili mpaka raha, kwenye karatasi anaacha wazi.

Nyota niliyokata inatokana na hapa. Sura ya Tanzania iko mwisho, mhadhara mmoja wa haraka haraka, "mtasoma wenyewe". Hebu fikiria kilichobanwa humo. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 ni sosholojia ya elimu kabisa, anasema elimu tuliyorithi inawatenga wachache, inawaondoa watoto kwenye jamii yao, inafundisha kwamba maarifa yako vitabuni na kwa wasomi tu, na inawatoa vijana wenye nguvu kwenye uzalishaji. Miaka miwili kabla yake, 1965, Philip Foster aliyeifanyia utafiti Ghana alikuwa ameshasema kwamba kuwafundisha watoto kilimo shuleni hakuwafanyi wapende kilimo, kwa sababu mzazi na mtoto wote wanaona mshahara uko ofisini, wanapiga hesabu zao sawa sawa tu, badilisha mishahara kwanza. Hawa wawili ukiwaweka meza moja ni mdahalo wa semina tatu! Mbele ya darasa ambalo karibu kila mtu amelima shamba la shule, na wengi wamelilima kama adhabu. Sisi Foster tulimpata mistari minne.

Alafu Azimio la Musoma 1974, lililosukuma elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977 na kutaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu. Ronald Dore mwaka 1976 na ugonjwa wake wa vyeti, Kenya ikiwa moja ya nchi alizozichambua, kwamba nchi zilizochelewa kuingia kwenye viwanda ndo zinang'ang'ania cheti zaidi, na cheti kikishapanda bei masomo yanageuka kuwa ya mtihani. Ada ilivyofutwa shule za msingi mwaka 2001, na sekondari mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na nani bado anabaki nje ada ikiondoka, maana kuna sare, chakula na umbali wa kutembea. Mabinti waliopata mimba kuruhusiwa kurudi shuleni, Novemba 2021. Baraza la Mitihani kuacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora Januari 2023, jambo ambalo lilibishaniwa mpaka vijiweni na swali lake ni la Coleman mtupu, unalinganishaje shule ambazo hazikuanza pamoja? Hivi vyote vinafundishika, watu wanavijua, wameviishi. Mimi ningepanga kozi ianze na jedwali la darasa la saba na Elimu ya Kujitegemea, Durkheim aje wiki ya nne akiwa anajibu maswali ambayo watu tayari wanayo.

Kazini inasaidia? Sana. Nina vijana kidato cha tatu wanakaa nyuma, wanavua tai getini, wanacheka kila anayejibu swali. Ofisini wanaitwa wakorofi. Mimi niliwahi kumsoma Paul Willis na kitabu chake cha 1977, vijana 12 wa mji wa viwanda Uingereza ambao waliidharau shule kwa sababu waliona kabisa wanaenda kiwandani kama baba zao, na kwa kuidharau wakajipeleka huko wenyewe. Kwa hiyo nikawauliza hawa wangu kaka zenu waliomaliza hapa wanafanya nini. Bodaboda, saidia fundi, wengine wako nyumbani. Kumbe wana ushahidi. Tofauti ni kwamba vijana wa Willis wakati ule kiwanda kilikuwepo, hawa wangu hakuna kinachowasubiri, kwa hiyo siwezi kumhamisha Willis mzima mzima, lakini alinipa swali la kuwauliza badala ya fimbo.

Mambo ya kawaida sasa. Semina usikose hata moja, mihadhara ya mwanzo ikikushinda soma na mwenzako. Kazi za makundi ombeni kundi dogo. Madesa ya majibu ya mitihani iliyopita yanayouzwa mageti ya chuo achana nayo, nimeyaona, Willis kaandikwa Mmarekani na Bourdieu kapewa hoja za Bernstein, ambaye ni mwanasosholojia mwingine kabisa, Mwingereza. UE sio ngumu kama una mifano yako, anayesahihisha ameshachoka kusoma mistari ile ile ya kitini kutoka kwa watu mia kadhaa, ukimwekea namba na kibao vikiwa vimeshikana na nadharia vizuri anakupa maksi zako. Wanaosoma Uchumi, Sheria au Maendeleo ya Jamii kama chuo chenu kinaruhusu kuichukua kama somo la hiari ichukueni, huko ndo wanatoka watu wanaopanga bajeti za shule.

Kitini kinapatikana steshenari zote za jirani na chuo, ila kabla ya kulipa fungua sura ya mwisho uhakikishe kurasa zote zipo, kwa sababu nakala nyingi zinazozunguka zinakatika katikati ya Elimu ya Kujitegemea, na hiyo ndo sura ambayo mhadhiri atakwambia ukasome mwenyewe.