Lumix S5 II kwenye kumbi za Dar: nilivyolinganisha video kabla ya kutoa pesa

Mimi napiga video za shughuli hapa Dar: sendofu, harusi, kicheni pati, na katikati ya wiki mahojiano ya wafanyabiashara wanaotaka kujitangaza. Kicheni pati ndizo zinazonipa kazi nyingi zaidi, maana ni shughuli za wanawake na wenyewe hupenda anayezunguka na kamera awe mwanamke mwenzao. Nilipoamua kuiweka pembeni kamera yangu ya zamani yenye kioo cha ndani na kuhamia kwenye mirolesi, yaani kamera isiyo na kioo hicho, nilikuta ulinganishaji mwingi umefanywa na watu wanaojirekodi chumbani kwa dakika chache huku kiyoyozi kikiwaka. Ukumbi wa Sinza Jumamosi usiku ni habari nyingine. Kwa hiyo nikalinganisha kwa vigezo vyangu, na swali la kwanza halikuwa kamera ina K ngapi, yaani ukubwa wa picha kama 4K. Lilikuwa hili: baba mzazi akishika maiki kumuaga binti yake, kamera itafika naye mwisho?

Nilishika kamera nne kabla ya kuamua, nyingine za kuazima kwa wenzangu, nyingine za kukodi. Kulikuwa na Sony ZV-E10 iliyotoka 2021, halafu Canon EOS R50, Fujifilm X-S20 na Panasonic Lumix S5 II, zote tatu za 2023. Zilipotangazwa Marekani, bodi bila lenzi ya hizo mbili za mwanzo ilikuwa kama dola 700, X-S20 dola 1,300 na S5 II dola 2,000. Hapa kwetu bei inapanda na kushuka na dola, na Kariakoo kila duka unaanza maelewano upya. Nilinunua Lumix.

Nianze na 4K, kwa sababu ndiyo inayouzwa madukani. "Dada, hii ni 4K kamili, hii ndiyo yenyewe," utaambiwa, na ni kweli, lakini zote nne ni 4K. Tena zote nne, ukirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, zinasoma upana wote wa sensa, kile kipande kinachopokea picha, takriban 6K, kisha zinabana picha iwe 4K. Ndiyo maana kitenge chenye maua madogo madogo au gauni la shanga linatoka safi bila ile mistari ya ajabu inayocheza juu ya nguo. Kwa kigezo hicho, kamera ya dola 700 na ya dola 2,000 zimekaribiana mno, na mteja wako ataitazama video kwenye simu baada ya kutumiwa WhatsApp. Usilipie K. Tofauti zipo kwingine.

Kubwa kuliko zote ni joto na muda wa kurekodi. Mirolesi inapopiga video, sensa na prosesa vinafanya kazi mfululizo ndani ya bodi ndogo iliyofungwa, na joto lake halina pa kutokea haraka. Sasa ongeza Januari ya Dar, nyuzi 32, unyevunyevu, na hema la plastiki Kigamboni saa tisa alasiri. Mojawapo ya kamera ndogo nilizowahi kuazima, na sitaitaja jina, ilijizima katikati ya nasaha za shangazi. Kioo kiliandika alama ya joto, kikawa cheusi. Nilikuwa na kamera ya pili pembeni ndiyo iliyoniokoa, lakini mama mwenye shughuli aliona, na aliniuliza taratibu kabisa: "Mwanangu, maneno ya wifi yangu umeyapata?" Swali lile ndilo lililopanga orodha yangu.

R50 ina kikomo cha saa moja kwa klipu moja ya video ya kawaida, ujue hivyo kabla hujaiweka kwenye tripodi kanisani. ZV-E10 ina mpangilio wa kuiruhusu ivumilie joto zaidi kabla ya kujizima, na anayeitumia kwa klipu ndefu anatakiwa auweke juu siku ya kwanza. Fujifilm wanauza feni ndogo ya kubandika nyuma ya X-S20, unainunua peke yake. Panasonic wao wameiweka feni ndani ya bodi, chini ya kile kinundu cha juu, na wanasema wazi kuwa S5 II inarekodi bila kikomo cha muda ilimradi joto la mazingira halizidi nyuzi 40. Dar haifiki huko kivulini. Tangu niinunue nimerekodi shughuli nzima nzima, kamera imesimama mbele ya jukwaa kwa 4K fremu 25, na kinachonisimamisha ni kadi kujaa. Sauti ya feni siisikii kwenye maiki ya nje.

Cha pili wengi hawakiangalii kabisa: umeme wetu. TANESCO wanatupa umeme wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo hupiga mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni. Ukirekodi kwa fremu 30 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, kwa mtindo wa Marekani, unapata mistari myeusi inayopanda ukutani taratibu, au picha nzima inapumua mwanga. Rekodi fremu 25 au 50, shata 1/50 au 1/100, mistari inaondoka. Kamera nyingi zinazoingia mjini zimetoka masoko ya nje zikiwa zimewekwa NTSC, mfumo wa fremu 30 na 60. Kwenye Sony na Canon ingia kwenye menyu ubadilishe kwenda PAL, mfumo wa 25 na 50, kwenye Lumix tafuta masafa ya mfumo uweke hezi 50. Fujifilm haikusumbui, fremu zote zipo kwenye orodha moja. Kwenye ZV-E10 ukibadilisha itakutaka uformati kadi, kwa hiyo fanya nyumbani, si ukumbini.

Kuna taa na skrini za LED za jukwaani ambazo hazifuati hezi 50. Zina mdundo wake, na hata 1/50 haizitulizi. Hapo S5 II ina kitu kinaitwa Sinkro Skani: unasogeza shata kwa hatua ndogo sana, huku unaangalia kioo mpaka mistari inaganda na kutoweka. Inachukua dakika moja kabla wageni hawajaingia. Ukumbi wenye skrini kubwa ya LED nyuma ya maharusi, bila kitu hiki, picha zako za mbele zote zinabeba mistari, na hakuna programu ya kuhariri itakayoiondoa vizuri.

Sauti. Zote nne zina tundu la maiki. Tundu la hedifoni lipo ZV-E10, X-S20 na S5 II, halipo R50. Inashangaza kuwa ya bei ndogo kama ZV-E10 inalo, na kwangu hicho ni kigezo kizito kuliko megapikseli. Kwenye kumbi zetu mara nyingi naomba waya kutoka kwenye mikisa ya DJ. Sauti ya mikisa ni kubwa mno kwa tundu la maiki, inapasuka, na bila hedifoni utaijua kesho yake mezani. Lumix inakuruhusu kubadili tundu lile liwe la laini, yaani la sauti kubwa ya mitambo, ikapokea sauti ya mikisa bila kupasuka. Navaa hedifoni sikio moja, MC akisema "haloo, haloo" najua nimepata au nimekosa.

Halafu kuna mambo mawili ya bodi ambayo mtu wa shughuli hawezi kuyapita. S5 II ina nafasi mbili za kadi, na inaandika video ileile kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Hizo nyingine zina nafasi moja. Ndafu inaingizwa mara moja, keki inakatwa mara moja, na kadi ikifa usiku ule hakuna wa kumwambia arudie. La pili ni tundu la HDMI. S5 II ina lile kubwa la kawaida kama la televisheni, hizo tatu zina maikro. Siku hizi karibu kila sendofu mwenye shughuli anataka picha ziende moja kwa moja kwenye skrini ya ukumbi, na waya mrefu unaokanyagwa na wahudumu ukining'inia kwenye tundu la maikro ni suala la muda tu kabla halijalegea.

Rangi nazo zilinichukua muda. ZV-E10 inarekodi biti 8, maana yake ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. X-S20 na S5 II zinakwenda biti 10, ngazi 1,024. R50 inafika biti 10 kwa njia ya HDR tu, yaani video ya mwanga mpana. Kwa mahojiano yenye mwanga mzuri huoni tofauti. Lakini fikiria bibi harusi mweusi wa ngozi nzuri, gauni jeupe pe, nyuma pazia lenye taa ya zambarau inayofifia kuwa bluu. Kwa biti 8, ukianza kurekebisha, ule mfifio wa taa unakatika vipande vipande kama ngazi, na ukiinua mwanga wa uso ngozi inageuka kijivu. Kwa biti 10 na V-Log, yaani picha iliyofifishwa makusudi ili irekebishwe rangi baadaye, nainua uso, ngozi inabaki na joto lake, na mikunjo ya gauni bado inaonekana. Hili nalijali sana. Ngozi zetu zimepigwa vibaya kwa miaka mingi na watu waliopimia mwanga kwenye gauni, na dada anayelipia video anastahili ajione alivyo. V-Log ya S5 II ina ISO (kipimo cha wepesi wa kupokea mwanga) mbili za msingi, 640 na 4000. Taa zikizimwa kwa ajili ya dansi naruka moja kwa moja kwenda 4000 bila kuhofia chengachenga.

Kwa autofokasi, Sony na Canon bado nazipa alama za juu. Zinashika jicho na haziliachii. Ila S5 II ndiyo Lumix ya kwanza kuwekewa autofokasi ya fezi, inayojua moja kwa moja isogeze fokasi upande gani, na ndiyo iliyonifanya niifikirie. Za kabla yake zilikuwa na sifa ya kupapasa mbele na nyuma kutafuta uso. Bibi harusi akiingia, mashangazi wakipunga vitambaa mbele yake na simu zimeinuliwa kila upande, S5 II inaachia pale anapofunikwa kabisa na kurudi akitokea. Inanitosha.

Utulivu wa picha: ZV-E10 na R50 hazina sensa inayojituliza, zinatumia kukata pembe za picha kwa hesabu. X-S20 na S5 II zina sensa inayoelea. Kwa kusimama na kamera mkononi wakati wa kutunza, S5 II imeniondolea gimbo, kile kishikio cha kutuliza kamera, karibu kabisa. Slomosheni sina mengi: zote zina fremu 100 kwa sekunde kwa picha ya 1080, inatosha kwa rusha maua.

Sasa yasiyonifurahisha. S5 II ina gramu 740 na betri na kadi, wakati R50 ina 375. Saa ya nne ukumbini mkono unajua. Ukitaka 4K kwa fremu 50, inatumia katikati ya sensa tu, lenzi ya 20mm inakuwa kama 30, na kwenye ukumbi mdogo unaegemea ukuta ukitafuta nafasi. X-S20 hapo inakata kidogo tu. Lenzi pia: madukani nilikopita za Canon na Sony nilizikuta kwa wingi, za L-mount, yaani zinazoingia kwenye S5 II, nyingi ni za kuagiza. Na faili ni nzito. 4K fremu 25 ya biti 10 ni megabiti 150 kwa sekunde, kama gigabaiti 67 kwa saa, kwa hiyo kadi ya 128 haifiki saa mbili. Laptopu yangu inahangaika nazo, natengeneza kwanza nakala nyepesi za kuhariria kisha narudisha faili halisi mwishoni.

Kama unaanza, au kazi yako ni mahojiano mafupi na matangazo ya bidhaa, sikushauri uingie deni kwa S5 II. Chukua ZV-E10, au ZV-E10 II ya 2024 yenye biti 10 na betri kubwa zaidi, na pesa inayobaki nunua maiki nzuri. Mwenye kusafiri na kupiga picha na video kwa pamoja, X-S20 ni nyepesi na rangi zake ni tamu bila kuhariri sana.

Yoyote utakayochagua, nenda dukani na kadi yako, hedifoni zako na betri iliyojaa. Iwekwe 4K, fremu 25, shata 1/50, ielekezwe kwenye taa za LED za dukani, na uiache irekodi huku mnaongea bei. Gusa bodi kila baada ya muda. Ukimaliza, icheze palepale ukiwa umevaa hedifoni, kisha chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni ya duka uone picha inatoka safi, bila maandishi ya menyu juu yake. Muuzaji anayeelewa kazi hii atakuvumilia.